Saa mbili na nusu za mazoezi ya kwaya: kisa cha Mount Vernon

Jumanne tarehe 10 Machi 2020, saa kumi na mbili na nusu jioni, watu 61 walikutana kwa mazoezi ya kwaya katika ukumbi wa kanisa la Presbyterian, mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani. Mlangoni walipewa kitakasa mikono. Watu waliozoea kukumbatiana wiki zote walisalimiana kwa mbali. Waliimba, wakapumzika robo saa, wakaimba tena. Saa tatu usiku walikunja viti, wakavirudisha mahali pake, wakaenda nyumbani.

Hazikupita wiki mbili, watu 53 kati ya hao 61 walikuwa wameugua. Kati yao 33 walithibitishwa kwa vipimo kuwa na korona, na 20 walihesabiwa kwa dalili zao. Watatu walilazwa hospitali. Wawili walifariki dunia.

Mimi ni mwimbaji wa besi, na nimekuwa kwenye kwaya tangu nikiwa kijana. Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilishindwa kukiacha, kwa sababu kila kilichofanyika jioni ile nimewahi kukifanya: kukaa kiti changu cha siku zote, kugawanyika kwa sauti, kula kidogo wakati wa mapumziko, kusaidia kubeba viti. Kisa hiki kina faida nyingine adimu kwa anayetaka kujifunza kupima hatari. Karibu kila jambo liliandikwa. Maofisa wa afya wa Kaunti ya Skagit, ulipo mji huo, waliwapigia simu wanakwaya mmoja baada ya mwingine, wakauliza alikaa wapi, aliimba kwa muda gani, alikula nini, aliugua lini. Taarifa ilitolewa na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, mwezi Mei mwaka huo huo. Baadaye kundi la wanasayansi wa hewa likiongozwa na Shelly Miller wa Chuo Kikuu cha Colorado lilipima ukumbi wenyewe kwa hesabu. Nitatumia kazi hizo mbili, na pale ninapopiga hesabu yangu nitasema.

Walichokijua siku ile

Tuanze na haki yao. Ni rahisi leo kuuliza, "Kwa nini hawakuahirisha?" Lakini turudi kwenye asubuhi ya tarehe 10 Machi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado halijautaja ugonjwa huu kuwa janga la dunia. Lilifanya hivyo kesho yake, tarehe 11. Serikali ya jimbo ilikuwa bado haijapiga marufuku mikusanyiko. Katazo la kwanza, la mikusanyiko ya zaidi ya watu 250 katika kaunti tatu za eneo la Seattle, nalo lilitangazwa tarehe 11, na Skagit haikuwamo. Shule za Skagit zilikuwa wazi. Maduka yalikuwa wazi. Kwaya yenyewe, Skagit Valley Chorale, ilikuwa na wanachama 122 na wengi walikuwa wastaafu. Nusu hawakufika jioni ile, na wiki moja kabla walikuwa wamefika 78. Kwa hiyo wapo waliopima na kubaki nyumbani, na wapo waliopima na kwenda. Hakuna upande uliokuwa wa wajinga.

Waliokwenda walitegemea jambo moja ambalo wengi wetu tungelitegemea: kwamba ugonjwa haujafika kwetu. Hapo ndipo hesabu ya kwanza ilipoteleza. Kaunti jirani ya kusini, Snohomish, ndiko alikotoka mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Marekani, mwezi Januari. Huko Kirkland, nje kidogo ya Seattle, wazee walikuwa wakifariki katika kituo cha kulelea wazee. Seattle ni mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Mount Vernon, barabara kuu moja kwa moja, watu wanakwenda kazini na kurudi. Na vipimo vilikuwa haba mno. Vifaa vya kwanza vya kupimia vilivyosambazwa na CDC mwezi Februari vilikuwa na kasoro, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ilipima watu wachache sana. Mahali ambapo hapapimwi hapaonekani wagonjwa. Idadi ndogo iliyotangazwa ilieleza uchache wa vipimo kuliko uchache wa ugonjwa.

Hesabu ya pili ni ya idadi ya watu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtu mmoja katika kila 1,000 wa eneo lile alikuwa na virusi bila kujulikana. Ukikutana na mtu mmoja, hatari ni ndogo kiasi cha kupuuzwa. Ukikusanya watu 61, uwezekano kwamba angalau mmoja wao anavyo unafika karibu 6 katika 100. Ugonjwa ukiongezeka hadi mmoja katika kila 200, uwezekano huo unapanda hadi 26 katika 100. Kwa kikundi cha watu 10 ni 5 tu katika 100. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kugawa kwaya kubwa katika vikundi vidogo: inapunguza nafasi ya mgonjwa kuwemo, na akiwemo anakuta watu wachache. Lakini kwa yule aliyekwisha kukaa chumba kimoja naye, uchache wa watu peke yake haumwokoi.

Upande wa madhara ulikuwa mzito tangu mwanzo. Umri wa kati wa waliokuwepo ulikuwa miaka 69: nusu yao walifikia umri huo au kuupita, na mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka 83. Taarifa kutoka China zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba korona inaua wazee kuliko vijana, na kwa tofauti kubwa. Kijana wa miaka 25 na mama wa miaka 75 wakiwa na uwezekano ule ule wa kuambukizwa, hawako kwenye hatari ile ile. Nadhani hili ndilo lilipaswa kushinda mjadala wowote wa kwenda au kubaki, kwa sababu lilikuwa linajulikana, halikuhitaji kipimo wala mtaalamu.

Ndani ya ukumbi

Mmoja wa waliofika alikuwa na dalili zinazofanana na mafua tangu tarehe 7 Machi. Baadaye alipimwa akaonekana ana korona. Waliokuwepo walisema hawakuona mtu anayekohoa wala kupiga chafya. Machi ni majira ya baridi kule, mafua ni ya kila siku, na sitaki msomaji yeyote atoke hapa akimnyooshea mtu huyo kidole. Yeye naye alikuwa mgonjwa, naye alipoteza wenzake.

Viti vilipangwa safu sita, kila safu viti 20, na njia katikati. Kati ya kiti na kiti palikuwa na sentimita 15 hadi 25. Watu walikaa sehemu zao za kawaida, hivyo penye viti vitupu palikuwa na nafasi na penye watu walibanana. Waliimba wote pamoja kwa dakika 40. Kisha wakagawanyika makundi mawili kwa dakika 50. Kundi moja lilihamia chumba kingine kidogo. Mapumziko yalikuwa dakika 15, palikuwa na biskuti na machungwa nyuma ya ukumbi, ingawa wengi walisema hawakula. Mwisho wakaimba pamoja tena kwa dakika 45.

Sasa tujiulize virusi vilipita wapi. Siku zile njia zilizotajwa kwa sauti kubwa zilikuwa mbili. Kwanza mikono: unagusa kilichoguswa na mgonjwa, kisha unajigusa macho, pua au mdomo. Pili matone: mate yanayorushwa mtu akikohoa au kusema, ambayo ni mazito na huanguka ndani ya mita moja au mbili. Njia ya tatu, chembe ndogo zinazoelea hewani kama moshi, ilisemwa kwa shaka. Tarehe 28 Machi 2020, siku 18 baada ya mazoezi yale, Shirika la Afya Duniani lilitoa ujumbe mtandaoni uliosema kwa msisitizo kwamba korona haisambai kwa hewa.

Tuweke kila njia kwenye mizani. Mikono ilitakaswa mlangoni, hakukuwa na kupeana mikono, na wengi hawakugusa chakula. Viti viliguswa, ni kweli, lakini ili mtu mmoja aambukize 52 kwa viti ingebidi aguse karibu kila kiti ukumbini, na kila aliyefuata ajiguse uso. Matone nayo yanawezekana kwa waliokaa mbele yake na ubavuni mwake. Hayawezi kurudi nyuma kumfuata aliyekaa safu mbili nyuma, wala kuvuka ukumbi hadi upande wa pili. Waliougua hawakuwa safu moja au kona moja. Walikuwa karibu ukumbi mzima.

CDC yenyewe mwezi Mei ilieleza kisa hiki kwa tahadhari: ukaribu wa watu ulichangia, na tendo la kuimba likaongeza. Kundi la Miller lilikwenda mbali zaidi, na mimi nakubaliana nalo. Hewa iliyoshirikiwa inaeleza kisa chote. Njia nyingine zinaeleza vipande.

Mwimbaji anajua mwili wake unafanya nini. Unavuta pumzi hadi chini ya mbavu, unaishikilia, unaitoa kwa nguvu kupitia nyuzi za sauti zinazotetemeka. Kila tetemeko linapasua utando mwembamba wa majimaji na kurusha chembe. Sauti ikipanda, chembe zinaongezeka. Kisha unavuta tena kwa kina, na unachokivuta ni hewa ya wenzako. Kuimba ni kutoa kwa wingi na kupokea kwa kina, kwa pamoja, kwa muda mrefu. Ndiyo raha yake. Jioni ile ikawa ndiyo njia ya ugonjwa.

Kupima hewa

Ukumbi ulikuwa na eneo la mita za mraba 180 na dari la mita nne na nusu, yaani mita za ujazo 810. Ni ukumbi mkubwa. Ukisimama ndani huhisi kubanwa. Milango ilifungwa, na palikuwa na mtambo wa kupasha joto. Kundi la Miller lilikadiria kwamba hewa ya nje iliingia kwa kiwango cha kati ya 0.3 na 1 ya ujazo wa ukumbi kwa saa.

Napiga hesabu kwa kiwango cha juu kabisa, nikiwapendelea: mita za ujazo 810 kwa saa, ukigawa kwa watu 61, ni kama mita za ujazo 13 kwa kila mtu kwa saa, sawa na lita 3.7 kwa sekunde. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo ya umma. Kwa hiyo hata kwa makadirio mazuri kuliko yote, walikuwa na kiasi kinachozidi kidogo theluthi moja ya hewa safi waliyoihitaji, nao walikuwa wanaimba. Ukubwa wa ukumbi uliwadanganya macho. Ukumbi mkubwa wenye hewa iliyotulia unachelewesha kujaa, hauzuii.

Kuna kanuni ya zamani ya kupima maambukizi ya hewani. Msingi wake uliwekwa na mhandisi William Wells, aliyeonyesha katika miaka ya 1930 kwamba matone madogo hukauka kabla ya kufika chini na mabaki yake huelea. Richard Riley na wenzake waliitumia mwaka 1978 kueleza mlipuko wa surua katika shule moja ya jimbo la New York. Kanuni inatumia kipimo kinachoitwa kwanta. Mimi nitakiita dozi. Watu wa chumba kimoja wakivuta wastani wa dozi moja kila mtu, 63 katika 100 wataambukizwa. Si wote, kwa sababu dozi hazigawanyiki sawasawa: mmoja anavuta mbili, mwingine hata moja hapati.

Turudi Mount Vernon. Walioambukizwa ni 52 kati ya 60, tukimtoa yule aliyekuja na ugonjwa. Ili watu wanane tu wasalimike, wastani lazima uwe dozi mbili kwa kila mtu. Hii ni hesabu yangu, ni ya kanuni yenyewe bila mapambo. Sasa angalia kinachotokea tukipunguza dozi. Tukipunguza kwa nusu, wagonjwa wanashuka kutoka 52 hadi 38 tu. Tukipunguza nusu tena, 24. Nusu tena, 13. Nusu ya nne, 7.

Ningeomba msomaji akae na namba hizo kidogo, kwa sababu zinaeleza mabishano mengi ya miaka ile. Kinga inayopunguza dozi kwa nusu ni kinga nzuri. Lakini jioni kama ile, mtu angeitumia hiyo moja, angeona watu 38 wanaugua, na angesema haifanyi kazi. Ilifanya kazi, mzigo wa virusi ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa kinga moja. Palipo na dozi nyingi unahitaji kinga tatu au nne kwa pamoja, na kila moja inazidisha nguvu ya mwenzake.

Tuchukue barakoa. Ikiwa barakoa iliyokaa vizuri usoni inazuia nusu ya kinachotoka kwa mgonjwa, na ya msikilizaji inazuia nusu ya kinachoingia, dozi inabaki robo. Hapo tuko kwenye wagonjwa 24. Kuimba na barakoa kunachosha, maneno yanafifia, mwalimu wa kwaya hasikii herufi za mwisho. Ni gharama ya kweli na si vizuri kuificha. Lakini Machi ile hata ushauri wenyewe haukuwepo Marekani: CDC ilianza kuwashauri watu wa kawaida kuvaa barakoa tarehe 3 Aprili 2020, na Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri wake wa barakoa za kitambaa tarehe 5 Juni.

Kinga iliyokuwa mikononi mwao, isiyohitaji kununuliwa, ilikuwa muda. Ukumbi ulianza na hewa safi. Virusi vilijikusanya dakika baada ya dakika, kwa hiyo dakika 45 za mwisho zilikuwa mbaya kuliko dakika 40 za kwanza. Kwa hesabu yangu, mazoezi yangekuwa ya saa moja badala ya saa mbili na nusu, dozi ingeshuka hadi karibu robo: faida ile ile ya kuwavika wote barakoa. Yangekuwa ya nusu saa, ingeshuka chini ya sehemu ya kumi. Kundi la Miller nalo lilionyesha kwamba kufupisha mazoezi hadi saa moja pamoja na kuongeza kasi ya kuondoa virusi hewani kungepunguza hatari kwa nusu au zaidi, na dozi walizokadiria kutoka kwa mgonjwa zilikuwa zapata 970 kwa saa, kiwango kikubwa mno.

Umbali je? Mita mbili zingesaidia waliokuwa jirani zake, kwa sababu karibu na mdomo ndipo moshi unapokuwa mzito. Fikiria mvuta sigara: anayekaa naye uso kwa uso anaumia zaidi, lakini baada ya saa mbili chumba kizima kinanuka, hata aliyekaa mlangoni. Kitakasa mikono hakizuii moshi. Na hicho ndicho walichopewa.

Mashaka ninayobaki nayo

Kisa hiki kina sehemu moja isiyokaa sawa, na mchambuzi mwaminifu anapaswa kuitaja. Wa kwanza kuugua baada ya mazoezi waliugua siku iliyofuata, na nusu ya wagonjwa walikuwa wameanza dalili kufikia siku ya tatu. Kwa virusi vya mwaka 2020, siku tatu ni mapema kidogo, na siku moja ni mapema sana. Inawezekana kwamba baadhi walikuwa wameambukizwa kabla, au kwamba waliobeba virusi jioni ile walikuwa zaidi ya mmoja. Ikiwa ni hivyo, dozi 970 za mtu mmoja ni makadirio yaliyopita kiasi.

Lakini kuna kipande cha ushahidi ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kanuni yoyote. Wiki moja kabla, tarehe 3 Machi, palikuwa na mazoezi mengine. Watu 21 walihudhuria ya tarehe 3 peke yake. Aliyeugua kati yao ni mmoja tu, naye hakupimwa. Watu watatu walihudhuria ya tarehe 10 peke yake, wawili waliugua. Na kati ya wagonjwa wote 53, 49 walianza dalili kati ya tarehe 11 na 15. Watu wale wale, viti vile vile, na jioni moja ikatenganisha. Wawe mgonjwa mmoja au watatu, ukumbi ule wa tarehe 10 ndio uliobeba jibu.

Ujumbe uliochelewa

Mwezi Julai 2020, wanasayansi 239 waliunga mkono barua ya wazi iliyoandikwa na Lidia Morawska na Donald Milton, wakizitaka mamlaka za afya zikubali kwamba korona inasambaa kwa hewa. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba uwezekano huo upo kwenye kumbi zilizojaa na zisizopitisha hewa, na lilitaja mazoezi ya kwaya. Lugha ya wazi kabisa ilichukua muda zaidi. Ni mwaka 2021 ndipo shirika lilipoanza kuandika bila kuzunguka kwamba virusi hivi vinaweza kupita hewani.

Huku kwetu ucheleweshaji huo tuliuona kwa macho. Ndoo za kunawia zilisimama kila mlango, kuanzia dukani hadi msikitini, na nyingi zilifanya kazi njema dhidi ya kuhara na kipindupindu. Ndani ya mlango ule ule watu walibanana, madirisha yamefungwa. Nakumbuka hata hivyo uamuzi mmoja ambao sikuuelewa thamani yake wakati ule. Kenya ilipofungua tena nyumba za ibada mwezi Julai 2020, sharti lilikuwa watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Waumini wengi waliliona sharti la umri kuwa la kuwadharau wazee, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Mzee ananyimwa kanisa alilolijenga. Lakini ukiliweka sharti la saa moja kando ya jioni ile ya Mount Vernon, utaona liligusa kiini. Lilikata muda. Laiti lingeambatana na amri ya kufungua madirisha.

Kwaya yetu hufanya mazoezi jioni, katika chumba cha mita nane kwa sita, dari mita tatu. Ni mita za ujazo 144. Tukiwa watu 25, lita 10 kwa sekunde kwa kila mmoja ni mita za ujazo 900 kwa saa, maana yake hewa yote ya chumba ibadilike zaidi ya mara sita kila saa. Madirisha yakifunguliwa pande mbili upepo ukapita, inawezekana bila mtambo wowote. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunayafunga saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya mbu, na hakuna asiyejua kwa nini. Malaria ipo leo, na kesho. Kuna waliosema korona imekwisha, tuyaache yafungwe. Mama mmoja wa sauti ya pili, muuguzi mstaafu, akatukumbusha kwamba kifua kikuu nacho kinapita kwa hewa ile ile, na hakijaondoka.

Tukachanga. Fundi aliweka nyavu za mbu kwenye madirisha yote sita, pamoja na mawili ya nyuma yaliyokuwa yamepigiliwa misumari miaka mingi. Wavu unapunguza upepo kidogo, kwa hiyo mlango nao tukauwekea fremu yenye wavu. Tunaimba dakika 50, tunatoka nje wote chini ya mwembe kwa robo saa huku chumba kikipumua, kisha tunarudi kwa dakika 40. Mwenye mafua anaimba akiwa nyumbani. Mwalimu anamtumia sauti yake kwa simu siku inayofuata.